Kabla hujamleta mke wako madhabahuni, wewe umepimwa?



Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Tafuta mahali uketi, weka chai karibu. Na kama uko kwenye ndoa, msiusome mmoja mmoja. Someni pamoja, kwa maana nusu ya ujumbe huu ni ya mwenzako.

Jumapili ile ya Siku ya Kina Mama tulifanya kama tunavyofanya kila mwaka. Tuliwaambia kina mama wote wasimame, watoto wa Shule ya Jumapili wakapita wakiwapa maua, kwaya ikaimba. Dada mmoja wa miaka sita kwenye ndoa alibaki ameketi. Mtoto mdogo, ambaye hajui mambo yetu ya watu wazima, alimwendea akamnyoshea ua. Mama aliyekuwa karibu akamshika mtoto mkono, akamwambia, "Si huyo." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia.

Dada yule alitoka kwa mlango wa nyuma. Usiku akanitumia ujumbe. Nilidhani atalia, au aseme anahama kanisa. Aliniuliza swali moja tu: "Pasta, mimi mmeniombea mara ngapi? Na mume wangu mmemwombea mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu. Yeye tumemwita mbele ya kanisa zima mara tano ninazokumbuka. Tumempaka mafuta. Tumemfungisha siku ishirini na moja. Kwenye kesha moja, mhubiri mgeni alimwekea mkono tumboni mbele ya watu mia tatu na kukemea roho ya utasa, mume wake akiwa amesimama kando amemshikia mkoba.

Mume wake hatujamwombea hata mara moja. Hakuna aliyemuuliza swali lolote. Hakuna aliyefikiri kwamba tatizo linaweza kumhusu.

Naandika haya kwa ruhusa yao wote wawili. Tumeketi nao sebuleni kwangu, mimi na Mama Mchungaji, na nimewaomba msamaha. Lakini kosa lilifanyika mbele ya kanisa, kwa hiyo toba nayo haiwezi kufanyika sebuleni peke yake.

*Mimi ni Eli*

Nimehubiri 1 Samweli 1 mara nyingi hata nimepoteza hesabu. Kila mara nilikuwa namtazama Hana, machozi yake, nadhiri yake, mtoto Samweli. Sikuwahi kujitafuta mimi ndani ya sura ile. Wiki hii nimejipata. Mimi ni Eli, kuhani aliyeketi kwenye kiti chake karibu na mlango, akamwona mwanamke mwenye uchungu midomo ikicheza bila sauti, akaamua kwamba amelewa.

Eli hakumuuliza kitu. Alihukumu kwanza. Lakini tumpe haki yake: Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akageuza maneno yake papo hapo, akambariki. Hiyo ndiyo neema ninayoiomba leo. Mchungaji anaweza kukosea kusoma midomo ya kondoo wake. Asikatae kusahihishwa.

Na si mara yangu ya kwanza. Miaka mingi iliyopita, kabla hata ya kanisa hili kuanza, niliwahudumia mume na mke waliokaa miaka minane bila mtoto. Nilimwombea mke mpaka akaanguka. Nilitangaza kwamba pepo ametoka. Mtoto hakuja. Ukoo wa mume ukasema mke ana laana ya kwao, akarudishwa kwa wazazi wake na sanduku moja. Mume akaoa mwingine. Miaka ikapita, yule wa pili naye hakupata mimba. Yule wa kwanza aliolewa tena, leo ana watoto wawili.

Hamna haja ya daktari kuwaelezea hesabu hiyo. Nilipoisikia, nilijifungia ofisini. Nilikuwa nimelitumia jina la Yesu kumbebesha mwanamke mzigo ambao haukuwa wake.

*Neno "tasa" lina wenyewe wawili*

Katika mazungumzo yetu, tukisema tasa, kila mtu anawaza mwanamke. Hata methali na matusi yetu yanamwendea yeye. Lakini fungua Kumbukumbu la Torati 7:14. Mungu anapowaahidi Waisraeli baraka, anasema utasa hautakuwepo kati yao, wala kwa mwanamume wala kwa mwanamke. Anamtaja mwanamume kwanza. Musa aliandika hivyo wakati hakuna maabara wala darubini. Halafu sisi, wenye hospitali kila kaunti, bado tunasema ni mke.

Fungua pia Mwanzo 20. Abrahamu anapoombea nyumba ya Abimeleki, Biblia inasema aliyeponywa ni Abimeleki mwenyewe, na mkewe, na wajakazi wake. Maombi hayo hayakumwacha bwana wa nyumba amesimama kando ameshika mkoba.

*Mambo tusiyoyasema madhabahuni*

Mimi si daktari. Lakini wiki hii nimeketi na daktari na nikasoma, kwa sababu nimechoka kuombea kitu nisichokijua. Wacha niwagawie.

Kwanza, kuchelewa ni nini? Madaktari husema kuna tatizo la uzazi pale mume na mke wamekutana mara kwa mara kwa miezi 12, bila njia yoyote ya kupanga uzazi, na mimba haijaingia. Mke akiwa amepita miaka 35, wanashauri msingoje mwaka mzima. Baada ya miezi 6 nendeni. Kwa hiyo wewe uliyeolewa Agosti na Desemba mama mkwe ameanza kuangalia tumbo lako, tulia. Bado hujachelewa.

Na hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 likisema takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili wakati fulani maishani mwake. Hesabu safu moja ya viti pale kanisani, utaelewa.

Pili, angalieni neno "mara kwa mara". Tuna ndoa nyingi ambazo mume yuko Mombasa kazini na mke yuko mashambani Kakamega. Wanaonana Pasaka, Agosti na Krismasi. Yai la mwanamke likishatoka huishi kwa muda wa siku moja tu, hata chini ya hapo. Mbegu ya mwanamume inaweza kungoja ndani ya mwili wa mke hadi siku tano. Kwa hiyo katika mwezi mzima kuna siku kama sita hivi ambazo mimba inaweza kuingia. Ukija nyumbani siku nne kwa kila miezi mitatu, na siku hizo zikakosana na siku za mke wako, hakuna pepo hapo. Ni kalenda. Lipa nauli, ndugu yangu.

*Kwa upande wa mama*

Sababu ya kwanza ni yai kutotoka au kutoka ovyo. Dalili yake mara nyingi ni hedhi isiyo na mpangilio, inayokuja baada ya miezi miwili au mitatu. Moja ya magonjwa yanayoleta hali hii ni lile madaktari wanaliita PCOS, ambapo homoni hazina usawa na mayai hayakomai vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanalo, na wengi hawajui. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, uzito uliozidi sana au uliopungua sana, na homoni ya maziwa ikipanda wakati mama hanyonyeshi, navyo vinaweza kuzuia yai. Mengi ya haya yana dawa.

Sababu ya pili ni mirija kuziba, na hii katika Afrika yetu ni kubwa. Kinachoiziba mara nyingi ni maambukizi ya zamani ambayo hayakutibiwa: klamidia, kisonono, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka vibaya. Klamidia ni mwizi wa kimya, kwa sababu wanawake wengi wenye nayo hawaoni dalili yoyote, na wanaume wengi vilevile. Kifua kikuu pia kinaweza kufika kwenye viungo vya uzazi, na si lazima mtu awe anakohoa.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana najua kanisa. Mkisikia mirija imeziba, kuna watakaonong'ona, "Kumbe alikuwa na mambo yake ya zamani." Acheni. Wako wake waliofika kwenye ndoa wakiwa bikira, wakaambukizwa na mume wao wa ndoa takatifu. Wako walioambukizwa wakati wa kujifungua mtoto wa kwanza. Na hata kama mtu ana ya zamani, damu ya Yesu imeshughulika nayo. Wewe unaifukua kwa nini?

Ya tatu wengi hawajawahi kuisikia: kichocho. Ndiyo, kile kichocho cha kuogelea mtoni na kwenye mabwawa. Ile aina inayopatikana Pwani yetu, Kwale, Kilifi, Tana River, mayai ya vimelea vyake yanaweza kukaa kwenye viungo vya uzazi vya mwanamke na kuviumiza, hata kumletea shida ya kushika mimba. Kama ulikulia huko ukichota maji na kufua mtoni, mwambie daktari. Hataweza kuwaza asichoambiwa. Dawa ya kuua vimelea hivyo ipo, na ni ya kawaida, ingawa haiwezi kufuta makovu yaliyokwisha kutokea. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Ya nne ni uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, wengi mnauita fibroidi. Si kila fibroidi inazuia mtoto. Inategemea iko wapi. Ile inayoingia ndani ya chumba cha mimba ndiyo yenye shida zaidi. Na kuna endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake. Inampata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi. Binti anayezimia kwa maumivu ya hedhi tunamwambia avumilie, ni mambo ya wanawake. Wapendwa, maumivu ya kumfanya msichana akose shule kila mwezi si ya kuvumilia. Mpelekeni akaonwe.

Ya tano ni umri. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na yanapungua kila mwaka. Baada ya miaka 35 kushuka huko huongeza kasi. Sisemi haya kuwatisha dada zetu. Nawaambia wale wanaowaambia wanandoa wa miaka 37, "Subirini tu, bado mna wakati."

Na sindano ya kupanga uzazi? Kila wiki nasikia kwamba fulani "aliharibiwa na sindano". Ukweli ni kwamba sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha uzazi kurudi, kwa wengi hadi karibu mwaka tangu sindano ya mwisho. Kuchelewa si kuharibika. Usimhukumu mke wako kwa sindano mliyokubaliana pamoja.

*Kwa upande wa baba*

Sasa ndugu zangu, msifunge simu.

Katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mume anachangia, ama peke yake ama pamoja na mke. Nusu. Kama tungekuwa waaminifu kwa hesabu, kila mara tunapomwita mwanamke mmoja mbele, tungemwita na mwanamume mmoja.

Wengi wetu tunachanganya mambo mawili. Mwanamume anasema, "Mimi niko sawa, nguvu ninazo." Nguvu za chumbani ni jambo moja, na mbegu ni jambo lingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua, rangi na wingi ni vilevile. Ni darubini tu inayoona. Na mwingine anasema, "Mimi nina mtoto kabla ya ndoa, kwa hiyo si mimi." Mtoto wa miaka kumi iliyopita anathibitisha hali ya miaka kumi iliyopita.

Ni nini kinachoharibu? Kuna mishipa ya damu inayovimba kwenye korodani, kama ile inayovimba miguuni. Inapatikana kwa wanaume takriban 15 kati ya 100, na kwa wale wenye shida ya uzazi ni wengi zaidi, zaidi ya thuluthi. Wengi hawaijui kwa sababu haiumi. Mara nyingi upasuaji unasaidia. Kuna njia ya mbegu kuziba kwa sababu ya kisonono au klamidia ya zamani. Kuna matumbwitumbwi yaliyompata kijana baada ya kubalehe na kushuka kwenye korodani. Kuna korodani ambayo haikushuka utotoni. Kuna magonjwa ya homoni, na mengine mtu anazaliwa nayo.

Na kuna tunayojiletea. Sigara. Pombe nyingi. Bangi. Joto kali la muda mrefu, maana korodani ziliumbwa kukaa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi. Na vijana wangu wa gym, nisikilizeni kwa makini: zile sindano na vidonge vya homoni ya kiume vya kujaza misuli vinauambia ubongo uache kuamrisha mbegu zitengenezwe. Unapata kifua kipana na mbegu zinatoweka. Kwa wengi hurudi wakiacha, lakini inaweza kuchukua miezi mingi.

Habari njema ni kwamba mbegu hutengenezwa upya wakati wote. Kundi moja huchukua kama miezi miwili na nusu kukamilika. Ukibadilisha maisha leo, mwili unaweza kuanza kujibu kabla mwaka haujaisha.

Na kipimo chenyewe? Daktari atakwambia usikutane na mke kwa siku 2 hadi 7, utoe sampuli kwenye chombo safi, ifike maabara ndani ya saa moja. Basi. Hakuna kisu, hakuna sindano. Majibu yakiwa na kasoro, unarudia baada ya muda, kwa sababu hata homa ya wiki chache zilizopita inaweza kuyashusha. Mke wako kwa upande wake atapimwa damu siku tofauti za mwezi, atapigwa picha, pengine atiwe dawa kwenye mirija na kupigwa eksirei, jambo ambalo linauma. Yeye ameyapitia hayo yote, wewe umekataa kikombe kidogo.

Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Sikujua walikuwa wanatuhubiria sisi wanaume.

*"Pasta, umeacha kuamini miujiza?"*

Najua swali hili litakuja, na mengine yatakuja yakiwa na hasira. Nijibu sasa.

Naamini miujiza. Nimeiona. Lakini Hezekia alipougua, Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi kupona, na Isaya yuleyule aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya 38. Ahadi na tini havikugombana. Luka aliyetuandikia habari za Elisabeti na Mariamu alikuwa tabibu, Paulo anamtaja hivyo kwa upendo katika Wakolosai 4. Kama Roho Mtakatifu hakuona haya kumtumia daktari kuandika Injili, mimi ni nani nimwonee haya?

Tena kuna vipimo ambavyo havioni kitu. Kwa wanandoa 15 au zaidi kati ya kila 100, mume yuko sawa, mke yuko sawa, na mtoto haji. Daktari mwaminifu atasema sijui. Kwa hiyo mahali pa maombi hapajaondolewa. Tunachokataa ni kuyatumia maombi kuficha uvivu wetu wa kuuliza.

Na sisi wahubiri wa nchi hii tuna sababu ya kuwa wanyenyekevu hapa. Wakubwa kati yenu mnakumbuka mwaka 2004, habari za wale walioitwa watoto wa miujiza. Kina mama wasiozaa waliaminishwa kwamba wamejifungua kwa maombi. Vipimo vya DNA vilipofanywa, vilionyesha watoto hawakuwa na uhusiano wa damu na waliodai kuwa wazazi wao. Kiu ya mtoto ni kubwa hivyo. Mtu mwenye kiu kubwa hivyo hapaswi kuuziwa maji ya kuchora.

Siku hizi wanauziwa mengine. Chupa za kusafisha tumbo la uzazi, vidonge vya kuingiza ukeni vya kuzibua mirija, mitishamba isiyo na jina, maji ya upako kwa bei ya kuku watatu. Mrija ulioziba kwa kovu hauzibuliwi kwa kitu cha kuingiza ukeni. Vingine vinaleta maambukizi mapya juu ya yale ya zamani.

*Tunachobadilisha katika kanisa letu*

Wazee wa kanisa tumeketi Jumanne, tumekubaliana haya.

Hatutamwita tena mwanamke peke yake mbele kwa ajili ya mtoto. Wataombewa mume na mke pamoja, na faraghani kama wanapenda. Isaka alimwombea Rebeka mkewe, hakumtuma peke yake. Alioa akiwa na miaka 40 na mapacha wakazaliwa akiwa na 60. Miaka ishirini, na hakuna mahali imeandikwa kwamba alimlaumu.

Mhubiri mgeni hataruhusiwa kumtabiria mtu tarehe ya kuzaa, wala kutaja hali ya tumbo la mtu kwenye kipaza sauti.

Hakuna atakayeambiwa apande mbegu ya fedha ili apate mtoto. Hizo fedha ni nauli ya kliniki.

Hakuna atakayeambiwa aache dawa.

Katika mafunzo ya wachumba, tutakuwa na somo moja la daktari, juu ya uzazi wa mume na wa mke, na swali ambalo kila mchumba atamjibu mwenzake: tukikosa mtoto, utafanya nini? Afadhali jibu hilo lisikike kabla ya pete.

Na Siku ya Kina Mama mwakani, maua yatapewa kila mwanamke anayeingia mlangoni. Aliyelea watoto wa dada yake ni mama. Aliyefundisha watoto wenu Shule ya Jumapili miaka kumi ni mama. Yule mtoto mdogo mwenye ua alikuwa sahihi kuliko sisi sote.

*Maneno machache kwa kila mmoja*

Dada yangu unayengoja: Zakaria na Elisabeti walikosa mtoto mpaka uzeeni, na Luka anaanza kwa kusema wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu. Aliandika hivyo mapema ili mtu asianze kutafuta dhambi. Usikubali kutafutiwa.

Ndugu yangu: ukipata majibu mabaya, hujapungua kuwa mwanamume. Njoo tukae. Sitakuhubiria, nitakuwekea chai. Na ikiwa umekuwa ukijua majibu yako na ukamwacha mke wako alaumiwe na mama yako kila Krismasi, nakuomba kwa jina la Bwana, ongea wiki hii. Hiyo ni dhambi ya kuungama kabla ya mengine yote.

Mama mkwe: tunakuheshimu. Kijana ni wako. Lakini usimuulize mke wake kuhusu tumbo lake kama hujawahi kumuuliza mwanao kuhusu kipimo chake. Bora zaidi, usiwaulize wote wawili. Wapikie, wakumbatie, waache.

Na ninyi ambao mmepimwa, mmetibiwa, mmeomba, mkajaribu hata zile njia za mamia ya maelfu ya shilingi, na mtoto hakuja. Sina maelezo, na sitawatungia. Elkana alimuuliza Hana kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi, na wahubiri wengi tunamcheka kwamba hakuelewa. Lakini aliyasema hayo kabla Samweli hajazaliwa, wakati hakukuwa na dalili yoyote. Nyumba ya watu wawili wanaopendana ni nyumba. Wengine mtaasili mtoto kwa njia ya sheria, na tutasherehekea naye kama aliyezaliwa. Wengine mtabaki wawili, na viti vyenu mbele ya kanisa havitasogezwa nyuma.

Dada aliyeniuliza swali amerudi kwaya. Wiki iliyopita mume wake alinipigia simu kutoka kwenye benchi la maabara, akaniambia, "Pasta, niko hapa, niombee." Nikamwombea kwa simu. Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya miaka sita. Majibu ni yao, msiulize.

Tuombe. Baba, tusamehe sisi tuliokaa kwenye kiti cha Eli tukahukumu. Waponye waume, waponye wake. Wape madaktari wetu maarifa, uwape wanaume wetu ujasiri, na utupe sisi sote ulimi wa upole. Katika jina la Yesu, Amina.

Leo sitawaambia mwandike Amina hapo chini. Ndugu, mtumie mke wako ujumbe huu, halafu umwambie siku ambayo mtaenda wote wawili.

Tuonane Jumapili.